Gati la Ocean Beach, San Diego: nyota mbili, na moja ni ya machweo

Nianze na habari ya maana kwa anayepanga kwenda wikendi hii: gati limefungwa. Usidhani ni kwa siku mbili tatu hadi bahari itulie. Limefungwa tangu Oktoba 2023, na mwaka 2024 jiji likatangaza kwamba hili la zamani halitafunguliwa tena, litangoja kubomolewa lijengwe jipya. Ukifika mwisho wa barabara ya Niagara utakuta uzio na mabango, na ng'ambo ya uzio futi 1,971 za zege, yaani kama mita 600, zinaingia Pasifiki bila binadamu juu yake. Shakwe na mwari wamejichukulia.

Najua mtu ataniuliza, mbona unatoa nyota kwa kitu kilichofungwa? Nitatoa, kwa sababu ni huduma ya umma kama basi au maktaba, na kodi yangu imo ndani. Kisha mimi kabla ya kuja huku nilikuwa fundi wa zege Mombasa, na hapa nashughulikia matengenezo ya majengo ya kupangisha, kwa hiyo habari ya kitu kubovuka huku wenye kitu wakitafuta pesa naijua kwa pande zote mbili, ya mwenye mwiko na ya mpangaji anayepiga simu usiku.

Kwanza niliseme zuri lake, maana lilikuwa nalo tele. Gati lilifunguliwa tarehe 2 Julai 1966. Katika California, kwenye gati la umma huhitaji leseni ya kuvua samaki, na hapo ndipo penye utamu wote. Unakwenda na mshipi wako, ndoana na chambo, unatafuta nafasi kwenye ukuta, basi. Hakuna kiingilio, na lilikuwa wazi usiku na mchana. Rafiki yangu mmoja wa Bukavu, aliyekulia kando ya Ziwa Kivu kwenye sambaza, wale dagaa wa huko, mara ya kwanza nilipompeleka alikuwa akigeuka nyuma kila dakika. "Ndugu, hapa hakuna mutu wa kuuliza karatasi?" Nikamwambia hakuna, tupa. Hakuamini mpaka alipovuta vibua wake wa kwanza, watatu kwa mpigo.

Vibua ndio waliokuwa riziki ya pale, na msimu ukiwa mzuri sehewa walipita, na hao ukiwapata unarudi mtaani City Heights kifua mbele. Pembeni yako mama wa Kifilipino na ndoo yake, mzee wa Kivietinamu na mishipi minne, kijana wa Kimarekani na ubao wa mawimbi kwapani anakuuliza umepata nini. Katikati ya gati palikuwa na mkahawa na duka la chambo. Sikukuu ya Idi familia zetu zilikuwa zikienda pale jioni na chupa za chai na mahamri, watoto wanakimbia hadi mwisho, pale gati linapogawanyika mikono miwili kama herufi T, wanarudi wakihema. Mji huu una bustani nyingi nzuri, lakini mahali pa kukaa juu ya bahari bila kununua kitu si pengi. Kwa hilo peke yake gati la zamani lilistahili nyota tano, na sitaki mtu anibishie.

Sasa tushuke chini ya sakafu. Ukisimama mchangani maji yakiwa yametoka, tazama nguzo. Zege la baharini halifi kwa kupigwa na wimbi; wimbi humaliza tu kazi. Linalouwa ni chumvi. Chumvi inapenya vitundu vidogo vya zege mwaka baada ya mwaka hadi inafika kwenye nondo, nondo zinashika kutu, na kutu ikivimba inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Nafasi yenyewe haipo, basi zege linapasuka kutoka ndani, kama boriti yenye mchwa: nje unaipaka rangi, ndani ni vumbi. Ukiona michirizi ya hudhurungi inashuka kwenye nguzo na vipande vya zege vimebanduka nondo zinachungulia, jua kwamba unatazama ugonjwa wa miaka ishirini nyuma. Pa hatari zaidi ni pale maji yanapopanda na kushuka, kwa kuwa palepale pana chumvi, pana hewa, na panalowa na kukauka kila siku.

Jiji lililijua hili. Wahandisi waliokagua gati mwaka 2018 walisema limefika mwisho wa umri wake, na wakaweka njia tatu mezani: kulitengeneza kwa takriban dola milioni 8, kulifanyia ukarabati mkubwa kwa milioni 30 hadi 50, au kujenga jipya kwa milioni 40 hadi 60. Soma tena hizo namba, kwa sababu tutazirudia.

Kilichofuata wengi tunakikumbuka kwa mabango tu. Januari 2021 mawimbi yalivunja, likafungwa, likafunguliwa Mei. Januari 2023 dhoruba zikavunja tena, likafungwa miezi mingi, likafunguliwa kiangazi. Tukafurahi, tukanunua chambo. Oktoba likafungwa, na Desemba mawimbi makubwa yakaja kuliongezea majeraha. Hesabu mwenyewe: mwaka mzima wa 2023 tulipata kiangazi kimoja.

Kiangazi kile tuliposimama mwisho wa gati, yule rafiki yangu wa Bukavu aliweka kiganja kwenye ukuta, akanyamaza, kisha akaniambia, "Hii kitu iko inatetemeka." Nikamwambia magati yote yanatetemeka kidogo, ndivyo yalivyo. Na ni kweli, gati lisilocheza kabisa litavunjika. Lakini yeye hakurudi tena, na siwezi kumlaumu.

Jamaa zangu wanapenda kunitajia ile methali ya ufa na ukuta kila tukizungumza habari hii. Tafadhali. Hapa ufa ulizibwa. Ulizibwa 2021, ukazibwa 2023, na ukuta bado unahitajika kujengwa. Nyufa zilikuwa zinazibwa kwa dharura, na dharura ina bajeti yake na haraka yake, ambazo si za mtu anayetaka kitu kidumu. Ukitangaza dharura unaweza kumwita mkandarasi upesi, taratibu za zabuni zinafupishwa, na kazi inaanza. Anachofanya mkandarasi ni kile kinachowezekana kwa muda ule: sakafu ipitike, vyuma vya kando visimame, nguzo iliyovunjika ishikiliwe. Nguzo jirani yake, ambayo itavunjika mwakani, haimo kwenye mkataba.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la kalenda, maana hapa ndipo watu wanapotukana jiji bila kujua shida iko wapi. Pesa za jiji la San Diego zina mwaka wake: baraza linapitisha bajeti mwezi Juni, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Bahari nayo ina mwaka wake: mawimbi makubwa ni Novemba hadi Machi, na bamvua kubwa kabisa, maji makuu yale ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, huangukia Desemba na Januari. Ndege wa baharini wana mwaka wao, wanataga kuanzia masika mpaka katikati ya kiangazi, na kazi za juu ya maji California lazima ziwakwepe. Watalii wana mwaka wao, Juni hadi Agosti. Sasa jiweke wewe ndiye mkandarasi. Fedha zimetoka Julai. Zabuni, mkataba, vibali: umefika Oktoba. Unaleta jahazi la kazi na wapiga mbizi, wimbi la kwanza la baridi linakusalimia. Unangoja hadi Machi ukiwa unalipia vifaa vilivyolala. Machi bahari inatulia, ndege wanataga.

Na vibali vyenyewe si karatasi moja. Kuna Tume ya Pwani ya California, kuna Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, kuna tathmini ya mazingira ya sheria ya jimbo ambayo peke yake inaweza kula mwaka na zaidi. Kwetu Mombasa nilizoea kusubiri simiti. Hapa simiti ipo mlangoni, mtu anasubiri sahihi. Sisemi vibali ni vibaya. Ufukwe wa California uko wazi kwa kila mtu kwa sababu kuna watu walipigania sheria hizo miaka ya sabini, na mimi nisiye na nyumba pwani ni mmoja wa wanaofaidi. Ninachosema ni kwamba kibali kinachochukua miaka lazima kiombwe kabla nguzo haijaanguka.

Walioweza kufanya hivyo wapo, tena ni mji mdogo. Capitola, huko kaskazini karibu na Santa Cruz, wana gati la mbao la tangu 1857. Mwaka 2016 wapiga kura wao walikubali kuendelea kulipa robo senti ya kodi ya mauzo kwa ajili ya gati na ufukwe. Wakaanza michoro, wakatafuta vibali, wakaweka akiba. Januari 2023 dhoruba zilezile zilizotuumiza sisi zililikata gati lao katikati. Picha zilienea, Rais Biden mwenyewe akaenda kutazama. Tarehe 25 Septemba 2024 wakalifungua upya, kwa gharama ya kama dola milioni 10. Walikuwa na michoro mezani na pesa mfukoni kabla ya dhoruba, basi baada ya dhoruba wakaongeza tu urefu wa kazi. Najua gati lao ni fupi na la mbao, na mbao unabadilisha nguzo moja moja, huwezi kufanya hivyo kwa zege la 1966. Hata hivyo wenzetu walianza na kodi, wimbi likawakuta njiani.

Upande wa pili wa shilingi ni majirani zao hapohapo, Santa Cruz. Tarehe 23 Desemba 2024 kipande cha mwisho cha gati lao, kama futi 150, kilianguka baharini wakati wa mawimbi makubwa, na kilikuwa kimefungwa kwa matengenezo ya dola milioni 4 ya uharibifu wa baridi iliyotangulia. Watu watatu wa mradi walikuwa juu yake, wote walitoka salama, Alhamdulillahi. Jengo la choo lilielea zima hadi mdomoni mwa mto. Mlioangalia video ile mkacheka, fikirieni kwamba hao walikuwa ndani ya kazi, wana pesa, wana mkandarasi, na bado baridi iliwakuta hawajamaliza.

Kwa hiyo jiji letu lilipoamua 2024 kuacha kuziba viraka, mimi niliona ni sawa, ingawa nilichukia. Kumwaga mamilioni kwenye nondo zilizokwisha ni kumlipa fundi aje kupaka rangi. Kosa, kama kuna kosa, liko kwenye miaka baada ya ile ripoti ya 2018.

Turudi kwenye pesa. Kwa gati jipya jimbo la California lilitoa dola milioni 8.4, zilizopatikana kwa juhudi za Toni Atkins, wakati huo seneta wa jimbo. Pesa nzuri, zimeendesha usanifu na hatua za mwanzo za mazingira. Gharama ya gati jipya sasa inatajwa kuwa dola milioni 170 hadi 190. Yaani tulichonacho hakifiki hata sehemu moja ya ishirini. Na zile milioni 40 hadi 60 za mwaka 2018? Si gati lilelile, nakubali: jipya litainuliwa juu zaidi kwa sababu bahari inapanda, na limeongezewa mambo. Lakini hakuna kitu kinachokaa juu ya maji ya chumvi kikangoja bei ishuke.

Zitatoka wapi? Novemba 2024 wakazi wa San Diego tuliulizwa kuongeza senti moja kwa kila dola kwenye kodi ya mauzo, iende kwenye mfuko mkuu wa jiji. Ilishindwa kwa tofauti ndogo sana. Haikuwa kodi ya gati, lakini jiji lenye pengo la mamia ya mamilioni kwenye bajeti litaanza na polisi, zimamoto na mashimo ya barabarani, gati la kuvulia samaki liko nyuma huko kwenye foleni pamoja nami. Kilichobaki ni misaada ya jimbo na ya serikali kuu, mikopo, na wafadhili. Na misaada ya namna hiyo hupenda mradi ulio tayari, wenye michoro na vibali, kwa hiyo angalau hizo milioni 8.4 hazijapotea njia.

Michoro yenyewe? Mwaka 2023 jiji lilileta wananchi kwenye mikutano na kuonyesha mapendekezo matatu. Nilihudhuria. Chai hakuna, biskuti zipo. Walisikiliza vizuri, hilo niwape, na wavuvi tuliongea. Lakini michoro ilikuwa na maringo mno: mikunjo, majukwaa, sehemu za kukaa zenye majina. Mimi fundi nikiona mkunjo naona kiungo, na nikiona kiungo naona maji ya chumvi yanaingia. Nipeni gati lililonyooka, pana kidogo kuliko lile, nondo zisizoshika kutu hata kama ni ghali, meza za kukatia samaki zenye maji, choo kinachofanya kazi, na kivuli. Mama mmoja mzee aliyekaa safu ya mbele alisema yeye anataka tu mabenchi, mengi, yenye mgongo. Nilimpigia makofi.

Nyota sasa. Gati lenyewe kwa hali yake ya leo: sifuri, huwezi kupima kitu usichoruhusiwa kukanyaga. Taarifa kwa umma: nusu. Kuna ukurasa wa mradi, kuna mabango, lakini kwa miaka mabango yalisema limefungwa bila kusema hadi lini, na mvuvi anayekuja kwa mabasi mawili kutoka City Heights anastahili kujua kabla hajapanda. Mipango na fedha: nusu, kwa ajili ya uamuzi wa 2024 na kwa mikutano. Machweo: moja kamili. Jua linazama nyuma ya gati, nguzo zinakuwa nyeusi, wapiga picha wamejaa mchangani, na kwa kweli ni pazuri hata kwa aliye na kinyongo kama mimi. Jumla ni mbili.

Kwa wenye mishipi, mbadala. Gati la Shelter Island, ndani ya ghuba, maji yametulia, lina duka la chambo, watoto salama. Samaki ni wadogo kuliko wa bahari kuu na wikendi ukichelewa hupati pa kusimama. Crystal Pier kule Pacific Beach ni la mbao, la miaka ya ishirini, lina vijumba vya hoteli juu yake. Umma unaruhusiwa mchana, si usiku, na utajihisi umeingia ua wa mtu. Imperial Beach gati liko wazi na ni refu, lakini maji machafu yanayotoka Mto Tijuana yaliwahi kufunga fukwe za huko kwa zaidi ya siku elfu moja mfululizo, na mimi samaki wa pale siwali. Oceanside ni mbali, na ncha yake iliungua Aprili 2024, ila sehemu kubwa imefunguliwa na upepo wake ni mzuri.

Ukiamua kwenda Ocean Beach hata hivyo, ukitoka City Heights panda basi namba 10 hadi Old Town, badilisha uchukue 35. Nenda Jumatano jioni, kuna soko la wakulima barabara ya Newport, na nyanya zake si za dukani. Samaki wa kuviringishiwa kwenye chapati ya mahindi wanauzwa karibu kila kona. Uliza kama mafuta hayohayo yanakaangiwa nguruwe pia, wanakujibu bila kununa. Mshipi uache nyumbani. Maji yakitoka unaweza kushuka upande wa kusini wa gati, penye miamba, ukazione zile nguzo kwa macho yako, ila usisimame chini yake.